Mgonjwa Asiyekataa Sahani

Kidole gumba cha mguu wa kulia cha Barthélemy kilivimba kati ya Jumamosi na Jumapili, na kufikia saa ya misa kilikuwa chekundu, kinang'aa kama nyanya iliyoiva kupita kiasi. Shuka ikikigusa, mzee analia. Nzi akitua, analia. Mkewe, Philomène, aliyeishi naye tangu akiwa kijana wa kuunganisha mabehewa pale kiwandani Shituru, hakuwahi kumsikia akilia kwa ajili ya mwili wake. Huyu ni mtu aliyewahi kubanwa mkono na behewa, akarudi nyumbani akiuliza bukari, ugali wake, iko wapi.

"Nilijigonga ku mulango," Barthélemy akasema.

"Mulango gani?"

"Mulango! Hapa iko milango ngapi?"

Philomène akautazama mlango, akautazama mguu, kisha akaenda kupasha maji. Mama yake alimfundisha kwamba kiungo kilichovimba hukandwa kwa maji ya moto na chumvi, na kwamba mgonjwa akipiga kelele ujue dawa inaingia. Basi siku ile dawa iliingia sawasawa. Ng'ambo ya ua, jirani yao, mama aitwaye Binti, alipaza sauti kuuliza kama kuna msiba.

Lakini hayakuwa maumivu yaliyomtisha Barthélemy. Ilikuwa habari ya Damas. Damas, mwenzake wa zamani wa reli, aliingia hospitali na kidole kibovu, akatoka bila mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na tangu hapo hushinda barazani kwake akitazama jinsi watu wanavyotembea. Barthélemy alikuwa amejiapia kwamba yeye haendi kwa daktari yeyote. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila wahenga hawakumjua Barthélemy. Ungemwambia methali hiyo, angekuuliza kama mhenga mwenyewe alikuwa na miguu mingapi.

Philomène hakubishana. Alitoka nje akampigia Jaël simu.

Jaël alikuwa muuguzi, infirmière wa kituo cha afya cha mtaa, na baada ya zamu yake hupita majumbani kuwaangalia wazee. Alisoma darasa moja na binti yao Chérie, ambaye sasa ameolewa Lubumbashi, kwa hiyo pale nyumbani hakuhesabiwa kuwa mgeni. Aliingia, akasalimu, akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Papa, sitaigusa. Nitaiangalia tu."

Hapo ndipo alipomshinda mzee. Watu wote waliotangulia walikuwa wamekibonyeza kile kidole wakiuliza kama ndipo panapouma: "Njo hapa?"

Jaël alimuuliza alikula nini wiki ile. Barthélemy akakumbuka, kwa fahari kidogo, matumbo ya mbuzi kwenye arusi na bia zilizofuata. Jaël akamtoboa ncha ya kidole cha mkono, akapima sukari palepale, akasema iko bien, haina shida. Kisha akavuta damu nyingine ya kupeleka maabara. Kesho yake alirudi na jibu.

"Papa, ni goutte. Acide urique iko mingi mu damu, inajikusanya mu kiungo. Njo inauma vile."

Ni ugonjwa wa jongo, basi. Barthélemy hakuuliza unatokana na nini wala utakwisha lini.

"Banakata muguu?"

"Nani? Hapana, Papa! Muguu iko yako. Itakuzika."

Barthélemy akageukia ukutani, akaanza kuisoma kalenda ya parokia kwa makini sana, ingawa ilikuwa ya mwaka juzi. Philomène hakujificha. Alikaa sakafuni akajifunika uso kwa kitenge akalia, na ndani ya kilio kile mlikuwa na kicheko, maana alikuwa ameshaanza kufikiria jinsi atakavyomuuza mbuzi wake ili anunue magongo ya kutembelea. Mbuzi amepona, mguu umepona. Mungu ampe nini zaidi?

Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Jaël alimwinulia mzee mguu juu ya mto. Akachukua katoni ya sabuni, akaikata pande mbili, akaisimamisha juu ya mguu kama kibanda, shuka ikapita juu bila kugusa kidole. Akapiga marufuku kukanda. Badala yake kitambaa kilicholowa maji baridi ya mtungini, maana umeme ulikuwa umekatika na friji imekuwa kabati. Vidonge, baada ya chakula. Na maji ya kunywa mengi, kwa kuwa moyo na figo vilikuwa bado vizima.

"Na bintu ya kuacha," akasema. "Matumbo, maini, figo. Kapenta. Na bia."

Kapenta ni wale dagaa wakavu ambao bila wao Barthélemy husema bukari imevaa kaptula tu.

"Sasa nitakula nini?"

"Lengalenga, Papa. Sombe. Mayai. Maziwa." Mchicha na kisamvu ndivyo mzee alivyovisikia.

"Ulinitafutia infirmière," mzee akamwambia mkewe, "anipeleke malishoni."

Mambo yangeishia hapo kama Barthélemy angekuwa anaumwa porini peke yake. Lakini alikuwa anaumwa mtaani. Na mtaa ule una desturi yake: kwa mgonjwa huendi mikono mitupu. Unakwenda na sahani iliyofunikwa, na ndani yake unaweka kile anachokipenda. Mgonjwa naye lazima aonje mbele yako. Hakuna anayesema ni kwa nini, na hakuna asiyejua. Kukataa sahani ni kumwambia aliyeileta: wewe ndiye uliyenifanyia hivi. Ziko familia pale ambazo hazijasalimiana kizazi kizima kwa ajili ya paja la kuku lililorudi kwao bila alama ya jino.

Mgeni njoo, mwenyeji apone! Wakaja. Kina mama wa kwaya walileta kapenta wa nyanya, harufu ikawatangulia njiani. Plamedie, muuza makaa wa kona, alileta figo. Adolphe, aliyekuwa akiendesha garimoshi la kiwanda, alileta bia mbili ndani ya koti, akazitoa kama mtu anayetoa sakramenti. Barthélemy akaonja vyote. Na kuonja kwake yeye hakuna kikomo, huonja hadi chini ya sahani. Philomène naye, Mungu amsamehe, ndiye aliyekuwa akimshikia sahani, huku moyoni akijisemea kwamba kidogo hakidhuru, na kwamba maneno ya watu yanaua haraka kuliko kapenta.

Maji ndiyo aliyoyakataa. "Minye siko samaki," alisema, akanywa funda moja kumridhisha mkewe, kikombe akakiweka dirishani.

Vidonge vilikuwa vimeanza kukituliza kidole. Baada ya sahani hizo uvimbe ulirudi kwa hasira, ukapanda hadi kwenye kifundo cha mguu, na homa juu yake. Jaël alipofika alisimama mlangoni akanusa hewa.

"Nani alimupa kapenta?"

"Kila muntu," Philomène akasema. Akamweleza sahani zote, kuanzia kwaya hadi koti la Adolphe.

Jaël hakumgombeza. Alibadilisha kitambaa, akarekebisha mto, akamvuta mama hadi uani. "Maman, minye pia nilizaliwa hapa. Najua kukataa iko namna gani. Lakini akiendelea vile, ile kiungo itaharibika na hatatembea tena muzuri. Na figo yake itafuata. Minye niko na dawa ya goutte. Dawa ya ile ya sahani, siko nayo."

Usiku ule Philomène aliamua kwamba sahani ijayo haitapita. Asubuhi alipokuwa anafagia alijifunza maneno ya kusema, maneno matamu, yenye shukrani mwanzoni na shukrani mwishoni. Na kwa bahati yake mbaya, sahani ijayo ikawa ya Assani.

Assani alikuwa mume wa Binti, dereva wa malori aliyestaafu, na rafiki wa Barthélemy kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Wiki zile alikuwa Kolwezi kwa mwanawe Souleymane. Alikuwa amerudi jana yake, akapata habari, akachinja mbuzi wa sadaka. Aliingia na kanzu yake safi na sahani ya bati iliyofunikwa kitambaa, akaketi kwenye kiti chake, maana kiti kile cha barazani kilikuwa chake kwa miaka yote.

"Ndugu yangu," akasema, "niliambia Binti: hii maini hakuna mutu ataigusa. Iko ya Barthélemy." Akafunua. Maini mazima ya mbuzi, yamekaangwa kwa vitunguu.

Mkono wa Barthélemy ulikuwa umeshaondoka kwenye blanketi. Philomène aliuona mkono ule, na maneno yake yote matamu yakatawanyika kama kuku. Alijikuta ameinyakua sahani.

"Hapana! Hatakula!"

Assani aliitazama mikono yake iliyobaki mitupu.

"Ni juu ya goutte, Papa Assani," Philomène akaharakisha. "Jaël njo alisema, maini ni mubaya..."

"Sawa, Mama Chérie," Assani akajibu kwa adabu. "Sawa." Lakini asubuhi ileile, akiwa langoni kwake, alikuwa amekutana na kina mama wa kwaya, nao wakamsimulia jinsi mgonjwa alivyofuta sahani yao. Akamtakia rafiki yake afya njema, akainuka, akaondoka.

Barthélemy alisubiri hadi lango lilipofungwa.

"Unajua ulifanya nini?" akauliza. "Kuliko ile, afadhali bakate muguu."

Philomène alijua. Mtaa mzima ulijua. Zamani, Chérie akiwa bado anatambaa, Assani alipohamia pale kutoka Maniema na mke wake mchanga, watu waliamua bila ushahidi wowote kwamba mgeni yule ana dawa. Hakuna aliyekula kwake. Watoto walikatazwa hata kuokota mapera yaliyoangukia upande wake. Siku moja ya jua kali Barthélemy alikuwa anarudi kutoka kazini, mtaa wote uko nje unatazama, na Assani amekaa barazani peke yake. Barthélemy akakata kona, akaingia, akaomba maji. Akanywa kikombe chote akiwa amesimama, kisha akakigeuza juu chini mbele ya macho ya watu ili waone kwamba hakuacha hata tone. Kuanzia siku ile Assani akawa mtu wa mtaa. Na sasa nyumba iliyomfungulia mlango ndiyo iliyomnyang'anya sahani.

Philomène alibaki jikoni na maini. Kuyatupa ni dhambi. Kuyarudisha ni kutukana mara mbili. Kuyaacha ndani ya nyumba na mgonjwa yule, ambaye angetambaa hadi jikoni, haiwezekani. Akayala. Aliyala yote akiwa amesimama kando ya mbabula, jiko lake la makaa, machozi yanamtoka, na tena yalikuwa matamu, jambo lililomzidishia uchungu.

Siku zilizofuata mguu ulianza kupona, na mwenye mguu akaanza kuugua. Aliletewa lengalenga, akala bila kuisema vibaya. Hilo lilimwogopesha Philomène kuliko homa. Maji hakuyataka kabisa. Jioni, saa ambayo Assani huja baada ya sala ya alasiri, Barthélemy alikitazama kile kiti mpaka giza likaingia.

Halafu maneno yakaanza. Philomène alikwenda kwa Plamedie kununua makaa, akamkuta anawaambia wateja kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kwamba hata Papa Barthélemy mwenyewe, baada ya miaka yote hii, amemkataa yule jirani, na kwamba mzee hakuvimba mguu bure. Uvumi ulikuwa umefufuka na meno yake yote. Philomène akaacha makaa palepale.

Alirudi nyumbani, akaiosha ile sahani ya bati, akaijaza karanga za shamba lake, maana sahani ya mtu hairudi tupu, akavuka ua. Alitembea kama msichana anayepelekwa ukweni.

Binti alimkaribisha kiti. Akapokea sahani, akashukuru. Kisha akakaa, mikono mapajani. Katika nyumba ya Binti mgeni hawezi kumaliza kusalimia kabla hajapewa maji ya kunywa. Siku ile hayakuja.

"Binti," Philomène akasema, "unipe mayi. Niko na kiu."

Binti akamtazama kidogo, akainuka, akaleta. Philomène akanywa yote bila kupumua.

"Ile maini," akasema, "nilikula minye."

"Weye?"

"Minye. Yote. Nilisimama ku mbabula nikakula mpaka mwisho. Hata kitunguu sikuacha."

Binti aliukaza mdomo ili usicheke. Haukumtii. "Ilikuwa muzuri?"

"Dada yangu, nilitaka kukuya kuomba ingine!"

Wakacheka hadi wakashikana mikono, na wakati wa kucheka Philomène akaanza kulia, akasema yote. Kwamba Barthélemy alikula vya watu wote na vya watu wote vilimrudishia ugonjwa. Kwamba yeye Philomène aliogopa siku hiyo, na siku hiyo ndiyo aliyokuja Assani, na kama angekuja Askofu naye angenyang'anywa sahani. Kwamba tangu hapo mume wake halalamiki tena, na mtu asiyelalamika atapona vipi?

"Sasa hawezi kula kintu ya muntu yeyote," akasema. "Mayi tu. Jaël anasema anywe mayi mpaka achoke. Na yangu anaikataa, anasema eko hapana samaki. Lakini Binti, mayi ya hapa kwenu aliikunywa zamani, mbele ya bantu yote. Ile hawezi kuikataa."

Binti akageukia chumba cha ndani, ambako redio ilikuwa imepunguzwa sauti muda mrefu. "Baba Souleymane, unasikia?"

"Minye siko kiziwi," sauti ya Assani ikajibu.

Jioni ile, baada ya sala, lango lilifunguliwa. Assani aliingia na jagi mkono mmoja na kikombe cha bati mkono mwingine, na hakupita nyuma ya nyumba kama alivyozoea. Alipita mbele, polepole, barabarani, penye watu. Plamedie alikuwa kwenye makaa yake. Adolphe alikuwa langoni kwake. Kina mama wa kwaya walikuwa wanarudi kutoka mazoezini, wakasimama. Philomène alikuwa amemtoa mumewe barazani, mguu juu ya kiti kidogo.

Assani akamimina.

"Ndugu yangu," akasema, "sina dawa ingine."

Barthélemy alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Hakusema yeye si samaki. Akanywa taratibu, koo lake likipanda na kushuka, hadi mwisho. Kisha akanyoosha mkono wake mbele ya macho ya mtaa mzima, akakigeuza kikombe juu chini. Hakuna kilichodondoka.

"Ongeza," akasema.

Philomène alihisi mzigo umemshuka mabegani, mzigo ambao hata hakujua kwamba ni mzito vile. Alitaka kupiga vigelegele, akajizuia. Halafu akajiuliza anajizuia kwa ajili ya nani, akavipiga, na kina mama wa kwaya wakampokea kule barabarani ingawa hawakuelewa vizuri wanashangilia nini.

Siku ya pili Plamedie alikuja na kidumu cha maji, macho chini. Akaja Adolphe na chupa, ikakaguliwa, ikakutwa ni maji kweli. Kila aliyekuja alimimina, na mgonjwa akanywa mbele yake na kugeuza kikombe, kwa kuwa desturi ni desturi. Jaël alipopita alimkuta mzee ameshiba maji kama mgomba, kifundo kimenywea, kidole kimerudia rangi yake. Alicheka peke yake njia nzima hadi kituoni.

Lakini hayo yalikuwa ya kesho. Jioni ile ya kwanza Assani aliketi kwenye kiti chake, wakaongea habari za Kolwezi, za mjukuu, za barabara na malori yake. Jagi likaisha. Barthélemy akaanza kujinyonganyonga kitini.

"Assani, unipe mukono. Ile mayi yako inataka kutoka."

"Fimbo iko wapi?" Philomène akauliza.

Hakuna aliyemsikia. Assani alishainuka, Barthélemy akamshika bega, akaushusha mguu kutoka kwenye kiti, akaukanyaga chini kwa woga. Akasubiri maumivu. Akakanyaga tena. Wakaondoka hivyo kuelekea nyuma ya nyumba, wazee wawili wanagombana ni nani anayemwegemea mwenzake, na Philomène akabaki barazani anaitazama ile miguu minne mpaka ikapinda kona.